Kumwona Mgonjwa kwa Jembe

Ijumaa, jioni. Ukungu umelala juu ya chai tangu asubuhi na mpaka sasa haujaamka. Nimekaa kitandani, viatu vya mpira bado vina tope, na mama mwenye nyumba ameshagonga mlango kuniuliza kama ninaumwa. Nimemjibu hapana. Nimemdanganya mama wa watu.

Nimelia leo, shajara. Nimelia mbele ya Direkta na mbele ya katibu wake. Mimi huyu ninayewafundisha wenzangu kwamba kiongozi hamwagi machozi mbele ya watu. Somo hilo nitalifuta.

Kwa atakayeifungua shajara hii mara ya kwanza: ninafanya kazi kwenye shamba kubwa la chai, huku milimani Masisi. Ninawafundisha makapita. Kapita ndiye msimamizi wa ekipi, yaani kikundi cha wachumaji. Asubuhi anawagawia mistari, mchana anawatembelea, jioni anasimama karibu na mzani wakati majani yanapimwa. Kazi yangu ni kumfundisha aongoze watu mpaka waipende kazi, wasiichume chai huku roho zao zimebaki nyumbani. Direkta ana neno refu la Kifaransa kwa jambo hilo. Mimi naliita moyo wa kazi, na makapita wananielewa.

Leo kapita aliyekuwa na ekipi yenye moyo kuliko zote amefukuzwa.

Amefukuzwa kwa sheria niliyoiandika mimi.

Anaitwa Papa Zawadi, kwa jina la binti yake wa kwanza. Siku ya formasio yake ya kwanza, yaani mafunzo yangu, alikaa nyuma kabisa, akaegemea ukuta, akafumba macho. Mimi nina mdomo, kila mtu anajua. Nikamuuliza kwa sauti kama usingizi ulikuwa mtamu. Akajibu bila kufumbua: "Mama, miye nasikia na masikio, haiko na macho." Chumba kizima kilicheka, na mimi nikacheka, nikajua kwamba huyu mtu nitamweza au atanishinda, katikati hakuna.

Hakuwa malaika. Alikuwa anafoka. Alimfokea mchumaji aliyechelewa, aliyechuma majani makavu, aliyeweka kikapu vibaya. Nikamfundisha kwamba mtu akikosea unamwita pembeni, mnaongea wawili. Kesho yake akamwita kijana mmoja pembeni, nyuma ya mikaratusi, akamfokea huko huko, na mlima wa pili ukasikia. Nilimwambia, Papa, pembeni ni kwa ajili ya sauti pia. Alijikuna kichwa. Alijaribu tena, na tena. Mwishowe nilikuwa nikimwona anaongea na mtu chini ya ile mikaratusi na sisikii kitu, na yule mtu anarudi mstarini amenyoosha shingo.

Kuna jambo moja sikumfundisha mimi. Ekipi yake ina watoto wa ng'ombe na watoto wa jembe, kama tunavyosema kwa utani: wale wa familia za wafugaji na wale wa familia za wakulima. Huku kwetu utani huo una mipaka, na kila mtu anajua mipaka iko wapi. Mchana walikula katika duara mbili. Hakuna aliyewatukana wenzake, hakuna aliyewatazama pia. Tulipofika kwenye somo la kula na watu wako, Papa Zawadi alifumba macho kama kawaida yake. Lakini tangu hapo alichukua sufuria yake ya viazi, akaiweka katikati ya zile duara mbili, akaketi, akala peke yake. Siku nyingi alikula peke yake hapo katikati, kama mtu aliyekosa kwao. Halafu Mama Nyota, mchumaji wa upande wa jembe, akachoka kumhurumia, akasogea na viazi vyake. Halafu Innocent, kijana wa wafugaji, akaleta kidumu cha mashanza, maziwa yaliyoganda, akakiweka karibu na viazi bila kusema ni cha nani.

Viazi na mashanza. Nani atavikataa? Basi duara zikawa moja.

Niliyaona hayo kwa macho yangu. Nilirudi chumbani nikaandika hapa kwamba nina kazi nzuri kuliko mtu yeyote mkoani.

Sasa niseme juu ya sheria.

Nilipofika kwenye shamba hili kulikuwa na kitu kinaitwa siku ya kapita. Jumamosi mchana, majani yakishapimwa, wachumaji walikwenda kulima shamba la kapita wao. Bila malipo. Asiyekwenda hakugombezwa, la hasha. Ila wiki inayofuata alijikuta kwenye mistari ya mteremko, kule ambako mguu unateleza, na kikapu chake kinakuwa chepesi kwenye mzani kwa namna isiyoeleweka. Akina mama walinieleza hayo kwa kunong'ona, huku wakitazama nyuma. Mmoja alikuwa mjamzito na alikuwa ametoka kulima. Nilikasirika mpaka nikakosa usingizi.

Utamjengaje mtu moyo wa kazi hali anamwogopa anayemsimamia? Nikamwendea Direkta, nikamsumbua mpaka akakubali. Tukaandika: kapita ambaye wachumaji wake watalima shamba lake anaondoka kazini. Na kwa kuwa nawajua makapita, niliongeza maneno mengine kwa mkono wangu. *Hata kama wamekwenda kwa hiari.* Kwa sababu kila kapita angesema hivyo hivyo: walijileta wenyewe.

Wa kwanza kunaswa alikuwa Kapita Faustin. Alisema walijileta wenyewe. Aliondoka, na akina mama wa ekipi yake waliniletea kuku.

Sheria ilikuwa nzuri. Nasema tena leo, na macho yangu mekundu: sheria ilikuwa nzuri.

Mama Zawadi, mke wa kapita, aliugua mvua zilipoanza. Tumbo. Walimpeleka hospitali ya Masisi centre, wakampasua, na bado amelala huko. Huku kwetu mgonjwa haachwi peke yake kitandani, lazima awepo mtu wa kumpikia, wa kumfulia, wa kumgeuza. Papa Zawadi akawa anatoka kwenye chai na kwenda moja kwa moja hospitali, na kutoka hospitali kurudi kwenye chai. Kampuni inalipia matibabu ya nyumba za makapita, na hilo lilikuwa linamshikilia asianguke. Lakini shamba lao la kijijini kwao Kingi, ambalo huwa analilima mke, lilibaki na magugu wakati majirani wote wameshatupa maharagi ardhini. Nyumba ambayo haikupanda maharagi mvua hii, watoto wake watakula nini baadaye? Hakulalamika. Mimi ndiye niliyemuuliza, akanijibu kwamba maharagi yatangoja. Maharagi hayangoji mtu.

Jumamosi iliyopita nilinunua sabuni na sukari, nikapanda Kingi kuwaona watoto wake. Kabla sijafika nyumbani nilisikia wimbo. Nikazunguka migomba, nikawaona.

Ekipi nzima ilikuwa shambani. Wamejipanga mstari mmoja kutoka chini kwenda juu, majembe yanapanda na kushuka pamoja, Mama Nyota anaimbisha na wengine wanaitikia. Innocent, ambaye kwao kushika jembe ni habari ya kuchekwa, alikuwa analima vibaya mno, na bibi mmoja wa jembe alikuwa anamkosoa mpaka jasho linamtoka. Ilikuwa salongo, kazi ya pamoja, kama ile ambayo watu wa kijiji wanafanya kwa mwenzao aliyezidiwa.

Nilisimama kwenye migomba na furaha ilinijaa kifuani. Nilifikiri: ndiyo hii. Hiki ndicho kitu ninachokichora kwenye ubao kila formasio, na hapa kina miguu na majembe.

Halafu nikakumbuka maneno niliyoyaongeza kwa mkono wangu.

Papa Zawadi alifika kutoka hospitali nikiwa bado nimesimama. Hakuwa anajua. Aliona mstari ule, akavua kofia, akasimama ukingoni mwa shamba muda mrefu. Nilimwombea afoke. Kwa mara ya kwanza nilitamani afoke, awaambie wachukue majembe yao warudi makwao. Badala yake aliingia nyumbani, akatoka na ndoo ya mutobe, ile juisi ya ndizi mbivu, akaanza kuwagawia kwa kikombe, mmoja mmoja, kwa mikono miwili.

Niliacha sabuni na sukari kwa jirani, nikashuka. Sikumsalimia. Wiki nzima sikusema kitu kwa yeyote, nikijiambia kwamba nisiposema, halikutokea.

Lakini Faustin anaishi Kingi. Na Faustin ana macho.

Alikuja ofisini juzi. Hakupiga kelele. Alimwuliza Direkta swali moja tu: kama sheria ilikuwa ya watu wote ama ilikuwa ya Faustin.

Leo asubuhi tuliitwa. Direkta, katibu, Papa Zawadi, mimi. Direkta si mtu mbaya, ni mtu anayependa karatasi zilizonyooka. Aliisoma sheria kwa sauti, akafika kwenye *hata kama wamekwenda kwa hiari*, akasita, akanitazama juu ya miwani. Alijua ni maneno ya nani. Akaniuliza kama niliona kitu chochote Kingi siku ile.

Ningeweza kusema hapana. Sitajificha hapa, kwa nini ningejificha kwenye shajara yangu mwenyewe? Neno hapana lilikuwa limeshafika ulimini. Nikawafikiria akina mama walionong'ona huku wakitazama nyuma. Nikamfikiria yule mjamzito.

Nilisema ndiyo, niliona.

Baada ya hapo nilianza kuomba. Nikasema apewe onyo. Nikasema mkewe ni mgonjwa. Nikasema hakuwaita, hakuwa hata anajua, alifika wakiwa wameshalima nusu. Direkta akamgeukia Papa Zawadi, akamwuliza kwa nini basi hakuwarudisha.

 Papa Zawadi akasema: "Patron, bantu banakuya kuona mugonjwa yako, unabafukuza namna gani?"

Kweli, watu waliokuja kumwona mgonjwa wako utawafukuzaje? Mimi nikaona mwanya, nikarukia hapo, nikasema sheria inaweza kubadilishwa, nitaibadilisha leo hii, niletewe kalamu. Hapo ndipo machozi yaliponishinda. Nilikuwa naongea na kulia pamoja, Kifaransa na Kiswahili pamoja, aibu tupu.

Papa Zawadi ndiye aliyenisimamisha.

"Wacha, Mama. Ukivunja ile sheria juu yangu, kesho kapita mwingine naye atasema mama yake iko mugonjwa. Na Mama Nyota atalima shamba ya nani?"

Alitoa filimbi yake ya ukapita shingoni, akaiweka mezani. Koti la mvua la kampuni alilivua nusu, akalirudisha, akauliza kama anaweza kubaki nalo mpaka mkewe atoke hospitali kwa sababu huko usiku kuna baridi. Direkta akasema ndiyo, haraka, bila kumtazama. Akasema pia kampuni itaendelea kulipia hospitali mpaka mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo, akafungua mikono.

Nilimfuata Papa Zawadi mpaka nje. Sikujua nitamwambia nini, nilijua tu kwamba siwezi kumwacha atembee peke yake mpaka barabarani. Alikuwa anatembea haraka. Nilipomfikia hakusimama.

"Mama, ulisema kweli. Lakini asante yangu, usiingoje."

Nimelirudia neno lake tangu asubuhi.  Wanasema mchimba shimo huingia mwenyewe. Mimi nililichimba vizuri, likawa refu na lenye kingo imara, akaingia mtu mwingine, na mimi nimebaki juu nikichungulia.

Mchana nilikwenda kwenye ekipi. Nilikuwa na deni la kusimama mbele yao. Nilidhani watanizomea, na ningeshukuru. Walikuwa wanachuma. Hakuna aliyeimba. Walichuma vizuri, kwa mikono yenye haraka, na Direkta akipita atasema kazi inakwenda. Mimi najua nilichokiona. Wakati wa chakula Innocent alikwenda kukaa na watu wake kule juu, na kidumu chake. Bibi aliyemfundisha kulima alibaki chini. Pale katikati, ambapo sufuria ilikuwa inakaa, hapakuwa na kitu.

Siku nyingi za kula peke yake, na mchana mmoja tu umetosha kuivunja ile duara moja.

Mama Nyota alinifuata nikiwa naondoka. Huyu ni mwanamke ambaye hamalizi sentensi bila kunichokoza. Huniuliza nitaolewa lini, na kama mwanamume wangu naye nitamwekea ubao wa kuchora. Leo hakunichokoza. Alishika mkono wangu wote, mpaka kwenye kiwiko.

"Mama, ile haikukuwa kazi," aliniambia. "Ile ilikuwa njo kuona mugonjwa. Muntu akilala ku hospitali na shamba yake inalala, unaenda kumuona na jembe. Sasa tumemuuwa na mapendo yetu."

Walikuwa wameijua sheria. Waliijua vizuri kuliko mimi, iliwaokoa wao. Ila haikuwapitia akilini hata kidogo kwamba inawahusu siku ile, kwa sababu siku ya kapita ni siku ya kapita, na kumwona mgonjwa ni kumwona mgonjwa. Nani angewachanganyia mambo hayo mawili? Mimi. Ni mimi niliyeyachanganya, ili kapita mwongo asipate pa kupenya, na kweli hakupenya.

Nilimwambia Mama Nyota kwamba hawakumuua wao. Alitikisa kichwa, hataki kunyang'anywa hatia yake. Tulisimama pale tukigombania hatia kama watu wanaogombania kulipa soda.

Jumatatu nitaletewa kapita mpya. Bado sijui ni nani. Nimeambiwa tu niandae formasio. Nitasimama mbele ya ubao na chaki yangu, nimwambie ajue majina ya watu wake, awaulize habari za kwao na angoje jibu, ale nao. Nimwambie: ukifanya hivi, watakupenda. Halafu yeye, kama ana akili, ataniuliza: na wakinipenda, Mama, nifanye nini?

  Naweza kuandika upya yale maneno yangu, kuweka mlango mdogo kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Najua kabisa kwamba kupitia mlango huo Faustin mwingine atapita siku moja, akiwa amemlaza kitandani mke wake mzima. Nitaandika hata hivyo? Nikiandika, kwa Papa Zawadi ni mvua baada ya mavuno.

Kitu cha mwisho, halafu nilale, ama nijaribu.

Mama Nyota alipouachia mkono wangu alianza kwenda, akageuka. Nusu ya shamba la Kingi bado ina magugu, akasema. Mvua bado ipo, maharagi bado yanaweza kuwahi. Kesho ni Jumamosi.

"Sasa haiko tena kapita," akasema. "Hakuna sheria yenye itatukataza."

Kisha akaniuliza kama nina jembe. Nikasema mama mwenye nyumba analo. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Mpaka sasa sijui kama alikuwa ananialika ama alikuwa anauliza tu.

Nimeliomba jembe. Mama mwenye nyumba amenipa bila kuuliza, amedhani ndiyo dawa ya ugonjwa wangu. Limeegemea mlango hapa, mpini wake umelainika kwa mikono ya wengine. Kesho watapanga mstari, na Papa Zawadi atafika kutoka hospitali na koti lile la kampuni, atatoa ndoo ya mutobe na kugawa kwa kikombe, mmoja mmoja. Atafika kwangu.

Jembe ninalo. Uso wa kupokea kile kikombe, ninao?